Mwashi wa Goma na Kuta za Mwezini

Mjini Goma mtu haendi mbali kutafuta jiwe. Mlima humletea. Moto wake ukishuka hutiririka mpaka katikati ya mitaa, ukapoa hapo, na waliokimbia wakirudi hukuta kiwanja cha jana kimegeuka mwamba mweusi wenye matundu kama mkate. Hapo ndipo huitwa mwashi. Kwa zaidi ya miaka thelathini, mwashi aliyeitwa mara nyingi katika mitaa ya kaskazini alikuwa Mushagalusa, mtu mfupi, mkimya, mwenye viganja vigumu kama soli ya kiatu.

Kuta zake hazikuwa na saruji. Alipanga jiwe juu ya jiwe, penye mwanya akapachika vijiwe vya kabari, na kila baada ya hatua chache akalaza jiwe refu la kufunga, linalopita upande hadi upande, ili ukuta usifure tumbo ukapasuka. Tetemeko likipita, nyumba za matofali zilipata nyufa, na kuta zake zikajitikisa kidogo zikatulia.

Vita vilipoingia mjini mwanzoni mwa mwaka 2025, alikuwa anajenga ua wa afisa mmoja wa jeshi. Afisa alikimbia na ua ukabaki nusu. Siku ya nne jirani alikuja akamwambia kwamba kuna watu wenye bunduki wanauliza yule fundi wa afisa anakaa wapi. Mkewe Monique alikuwa jikoni. Binti yao pekee, Benedicte, alikuwa na mimba ya miezi tisa na miguu imemvimba, hata kufika barabarani hawezi.

"Tangulia," Monique alimwambia. "Bene akishajifungua na kupata nguvu, tutakufuata."

Akatoka na nguo alizovaa, nyundo yake ameizungushia sweta. Alivuka mpaka wa Uganda pale Bunagana akiwa katikati ya umati wa watu na magodoro yao, na baada ya wiki mbili alikuwa Kampala, katika chumba cha Nateete alichokaa na wanaume wengine wawili kutoka Kivu.

Kampala ilimchanganya. Kiswahili chake, ambacho kwao ni lugha ya sokoni na ya kubembelezea watoto, hapa kilinuka kambi ya jeshi, maana wengi walizoea kukisikia kwa askari. Alipouliza bei ya mihogo siku ya kwanza, mwuzaji alinyoosha mgongo akamjibu kama mtu anayehojiwa na polisi. Akajifunza kutabasamu kabla ya kusema neno.

Kazi ilipatikana Kibuli. Mwenye nyumba mmoja alitaka ukuta wa kuzuia udongo wa mteremko usimwangukie uani. Mawe ya kuvunjwa yalikuja, saruji haikuja, na mawingu yalikuwa yanakusanyika. Mushagalusa akamwomba ruhusa apange makavu. Mwenye nyumba aliguna, akakubali kwa kukosa la kufanya. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Ukuta wa matofali wa jirani ulilala chini wote. Wa Mushagalusa ulitoa maji katikati ya mawe kama chujio, ukabaki umesimama.

Mvua ilipokatika, mwanamke mmoja alipanda kutoka kwenye bohari lililokuwa chini ya mteremko. Alivaa ovaroli la buluu na kitambulisho shingoni. Alipapasa ukuta, akausukuma kwa bega.

"Mzee, hii kitu imeshikwa na nini?"

"Na uzito wake."

"Hakuna saruji ndani?"

"Saruji ilichelewa, mama. Mvua haikuchelewa."

Mwanamke akacheka. Jina lake lilikuwa Nanyama, injinia kutoka Bungoma, Kenya, aliyeletwa Kampala na kampuni moja ya ng'ambo. "Unaweza kumfundisha mtu kazi hii?" akauliza.

"Akiwa na subira."

"Na kama si mtu?"

Kesho yake Mushagalusa aliingia bohari lile. Katikati ya sakafu ilisimama mashine yenye magurudumu sita, mikono miwili mirefu na kichwa cha kamera. Ilikuwa imefika vipande vipande ndani ya makasha, na wiki ya kwanza ilipinduka mara nyingi kuliko ilivyosimama. Saverio, mlinzi wa mlangoni, mwanajeshi mstaafu kutoka Gulu, ndiye aliyeipa jina: Aloyo. Kwa Kiacholi maana yake ni nimeshinda.

Nanyama alimkalisha Mushagalusa kwenye kiti akamweleza taratibu. Kuna watu wanaotaka kujenga kituo mwezini. Kabla ya binadamu kwenda kukaa huko, roboti zitatangulia kuandaa mahali. Chombo kinapotua kule hutimua vumbi na changarawe kwa kasi ya risasi, kwa hiyo nyumba na mitambo lazima vikingwe kwa kuta. Maji ya kukorogea saruji hakuna, na kuibeba saruji kutoka duniani ni jambo lisilowezekana. Kilichopo ni mawe, na mengi yake yalizaliwa na moto wa chini ya ardhi, kama yale ya Goma.

Mushagalusa alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hata kule," akasema, "watu wanaanza na ua kabla ya nyumba."

Lori la mawe lilikuja wiki ile ile. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa, mzee alisogea akashika jiwe la kwanza, akaligeuza, akapitisha kidole gumba ndani ya matundu yake.

"Haya ni ya kwetu," akasema.

"Yametoka Kisoro, mzee. Ni huku huku Uganda," Nanyama akamjibu.

"Kisoro na kwetu ni milima ya tumbo moja. Mpaka waliweka watu."

Basi wakaanza. Kila asubuhi Nanyama alimvalisha glovu nyembamba zilizoshonewa nyaya za kuhisi kila mkunjo wa vidole, akamfunga kamera ndogo kwenye paji la uso, na Mushagalusa akajenga. Akimaliza ukuta wa urefu wa mtu anaubomoa, anajenga mwingine. Mchana mashine inajaribu, naye anaketi kwenye kiti kuitazama. Miezi ya kwanza ilikuwa ya kusikitisha kwelikweli. Aloyo ilipima jiwe kwa kamera zake kwa dakika nzima, ikalinyanyua kwa adabu kama anayebeba yai, ikaliweka mahali ambapo hata mtoto angejua litaanguka. Likaanguka. Saverio mlangoni akatikisa kichwa. "Hii iko kama kuruti wa wiki ya kwanza," akasema.

Siku moja Mushagalusa alionyesha namna ya kutambua jiwe bovu. Aligonga mawe mawili kwa nyundo. La kwanza lililia kama chungu kizima, la pili likatoa sauti iliyozibwa. "Hili lina ufa ndani," akasema. "Ukuta hauoni leo, utaona mwakani."

Nanyama alikuna kichwa. "Mzee, kule juu hakuna hewa. Pasipo hewa hakuna sauti. Itagonga na haitasikia chochote."

Mushagalusa aliwaza. Akaliweka jiwe sakafuni, akaziba masikio kwa vitambaa, akaweka kiganja cha kushoto juu ya jiwe na kuligonga kwa mkono wa kulia. Akarudia kwa lile bovu. Alifanya hivyo asubuhi nzima, jiwe baada ya jiwe, akiwa ameinamisha kichwa. Mwishoni alivua vitambaa.

"Mkono unasikia," akasema. "Jiwe zima linatetemeka mpaka kwenye kiwiko. Bovu linaishia kwenye kidole."

Nanyama alifunga kihisio cha mitetemo kwenye kiganja cha Aloyo. Baada ya wiki tatu mashine ilikuwa inatupa mawe mabovu upande mmoja bila kusikia lolote, na wakubwa wa ng'ambo, waliokuwa wakionekana kwenye skrini kubwa ukutani kila Jumatatu, wakapiga makofi.

Kati ya kazi na kulala, mzee aliishi kwa simu. Benedicte alikuwa amejifungua mtoto wa kike salama. Dady, mkwe wake, fundi wa kutengeneza simu, alikuwa na njia zake za kupata mtandao hata siku ambazo mji mzima umekatika. Monique alizungumza kidogo, kama kawaida yake. Mtoto amenyonya. Maji yamepatikana. Barabara bado mbaya. "Tutakuja, Baba Bene. Vuta subira."

Mwezi wa saba wa kazi, Nanyama alimwita kwenye kompyuta. Alikuwa ameona jambo lisiloeleweka katika mienendo iliyorekodiwa na glovu.

"Angalia hapa, mzee. Kila ukimaliza kupachika jiwe, mkono wako wa kushoto unaenda nyuma, unafunguka, unasubiri. Sekunde mbili hivi. Halafu ndio unainama kuchukua jiwe lingine mwenyewe. Kila jiwe. Sasa Aloyo naye amelishika hilo. Anasubiri kitu ambacho hakiji."

Mushagalusa aliitazama mikono yake pale kwenye skrini, mistari ya kijani ikifunguka na kujifunga. Hakuwa na habari kwamba anafanya hivyo. Alijikohoza.

"Ni Mama Bene," akasema. "Yeye ndiye anayenipa jiwe."

Akamweleza. Tangu walipooana, Monique ndiye aliyesimama kwenye rundo. Yeye hujenga, mkewe huchagua. Hakuwa na haja ya kumwambia anataka jiwe la namna gani. Mkono ukienda nyuma, jiwe linalofaa linatua kiganjani. Siku Monique anapoumwa, ukuta wa siku moja huchukua siku tatu. "Watu wa Goma wananisifu mimi," akasema, "lakini jicho ni lake."

Miezi saba walikuwa wamerekodi nusu ya fundi.

Alasiri hiyo hiyo walimpigia Monique. Mwanzoni alidhani mumewe amepatwa na jambo. Alipoelewa kwamba mwanamke mwenye shahada anataka kujua anachaguaje mawe, alicheka mpaka simu ikakwaruza. Mushagalusa hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu Goma.

"Hakuna siri, mwanangu," Monique alisema. "Jiwe lina tumbo na lina mgongo. Tumbo lilale chini. Unaangalia ukuta unalia wapi, unaupa jiwe la kuunyamazisha. Mimi siangalii jiwe kwanza. Naangalia shimo, halafu macho yanatembea yenyewe kwenye rundo mpaka yanakutana na mwenzake."

"Unaanza na shimo?"

"Sasa ungeanza na nini?"

Nanyama aliandika mpaka wino ukamwishia. Aloyo ilikuwa ikianza na jiwe, ikilizungusha huku na huku kutafuta pa kuliweka. Walipoigeuza ianze na mwanya, ilijenga kwa siku moja ukuta uliokuwa unaichukua wiki. Wakubwa waliusimamisha mkutano kumsikiliza tena Monique kwenye rekodi, wakatafsiriwa neno kwa neno. Wakaamua aletwe Kampala, arekodiwe macho yake kwa miwani maalumu. Barua ya mwaliko iliandikwa. Kuhusu ule mkono wa kushoto unaosubiri, walisema uondolewe, kwa sababu kule mwezini kila sekunde hula umeme.

"Naomba ruhusa yako kwanza," Nanyama alimwambia mzee.

"Toeni," akasema. "Mashine haina mke. Na mimi wangu anakuja."

Alihama kile chumba cha watu watatu akapanga chake, hapo hapo Nateete, chenye dirisha. Akanunua godoro pana. Saverio alimsaidia kulibeba kichwani kutoka dukani, wakipishana na pikipiki, wazee wawili wanacheka peke yao.

Simu ya Dady ilikuja Jumanne saa nne asubuhi, mzee akiwa na glovu mikononi. Aliiona imeandika jina la mkwewe, na hilo pekee lilimtosha, maana Dady hakuwa na desturi ya kupiga mwenyewe.

"Papa, kaa chini kwanza."

"Sema tu, mwanangu."

"Mama alianguka alfajiri akienda kuchota maji. Tulimkimbiza hospitali. Wanasema ni presha, ilipanda kichwani. Hakuamka tena, papa. Ametuacha."

Nyuma ya sauti ya Dady alimsikia Benedicte akilia, na mtoto naye. Akaketi juu ya ukuta aliokuwa anaujenga. Nanyama alikuja mbio kwa sababu kwenye kompyuta mistari ya kijani ilikuwa imeanza kutetemeka yote kwa pamoja. Alimkuta mzee anajaribu kuvua glovu na vidole havimtii. Akapiga magoti, akamvua kidole kimoja kimoja.

Wakongo wa Nateete waliweka matanga kwenye kile chumba chenye dirisha. Wanawake wa kanisa waliimba, wanaume wakakaa nje kwenye viti vya plastiki. Wakubwa wa ng'ambo walituma salamu za rambirambi zilizoandikwa vizuri, na chini yake wakauliza kama mwalimu atakuwa amerejea kufikia wiki ya pili, kwa kuwa tarehe ya kusafirisha mashine haibadiliki. Nanyama hakumsomea sehemu hiyo. Saverio alikaa naye siku zote tatu bila maneno mengi. Siku ya mwisho tu alisema, "Mimi pia bibi yangu, mama ya watoto, alikufa mimi niko mbali, niko jeshi. Hii maneno haina dawa, mzee. Kula kidogo."

Monique alizikwa Alhamisi. Mushagalusa alitaka kwenda. Aliweka nyundo kwenye mfuko na kufika mpaka kituo cha mabasi, na hapo Benedicte akampata kwa simu. Wale watu wenye bunduki walikuwa wamepita tena nyumbani wiki iliyotangulia, wakiuliza. "Nimezika mmoja," binti alisema. "Usiniletee wa pili." Akarudi.

Lakini kaburi halikuwa limekwisha. Ardhi ya kule ni mwamba. Wachimbaji walikuwa wamefika kimo cha magoti, patasi zikavunjika. Ilibidi juu pajengwe kwa mawe, vinginevyo mvua na mbwa vingemfikia. Mafundi waliojua kazi hiyo walikuwa wametawanyika. Benedicte alieleza hayo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka kuomba.

Nanyama ndiye aliyesema. "Mzee, wewe umefundisha chuma. Njoo boharini. Tuna skrini kubwa."

Jumamosi asubuhi walikuwa watatu tu boharini: mzee, Nanyama na Saverio, aliyeacha lango kwa mara ya kwanza. Aloyo ilikuwa imefunikwa turubai. Kwenye skrini makaburi ya Goma yakatokea, mchanga mweusi, anga jeupe, na Benedicte amesimama na mtoto amefungwa mgongoni. Dady alishika simu.

"Geuza nione kichwani," Mushagalusa alisema. "Sasa miguuni. Shuka chini, Dady, nione msingi."

Nanyama alitazama sakafu. Mzee alishika ukingo wa meza, akasogelea skrini.

"Bene. Hilo kubwa lililo karibu na mguu wako. Liviringishe, usilibebe. Hapo. Lisukume kwa mwamba mpaka likatae kwenda."

Walijenga hivyo kwa muda wa saa tano. Mtandao ulikatika mara nne, na kila ulipokatika mzee alibaki amesimama mbele ya skrini nyeusi, mkono umeinuliwa, mpaka picha irudi. Alimfundisha kuligonga jiwe na kuweka kiganja. Alimfundisha kupachika kabari kutoka ndani, na kutafuta jiwe la kufunga. Kuchagua hakukuhitaji kufundishwa. Benedicte alisimama, akauangalia mwanya, akatembeza macho juu ya rundo, akainama, na jiwe likaingia. Mzee aliacha kuelekeza. Akamtazama binti yake akifanya hivyo mara ya pili na ya tatu.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Nilikuwa nakaa naye kwenye rundo nikiwa mdogo. Ulikuwa unatupa mgongo, papa. Hukuona."

Kona ya kushoto ilipinda kidogo. Aliiona mapema, mawe yakiwa matatu tu juu yake, na angeweza kusema wabomoe. Mikono ya Benedicte ilikuwa inatoka damu na mtoto alikuwa ameamka. Alinyamaza. Kufikia saa nane jiwe la mwisho liliwekwa, Dady akazunguka kaburi lote kuonyesha, na Benedicte akakaa chini kunyonyesha, mgongo wake umeegemea mawe.

"Ni mazuri, mwanangu," Mushagalusa akasema. "Aksanti."

Skrini ilipozimwa, Saverio alitoka nje. Nanyama aliuliza kama atakunywa chai. Mzee alisema atakunywa.

Mashine iliondoka mwishoni mwa mwezi ule, ndani ya makasha yale yale, kwenda kujaribiwa jangwani katika nchi nyingine. Jinsi itakavyofika mwezini, na kama itafika, hakuna aliyeweza kumwambia Mushagalusa kwa uhakika. Nanyama aliandika jina la Monique kwenye ripoti, mbele ya la mumewe. Wakubwa walikubali, wakaliandika kwa makosa. Bohari lilipangishwa kwa wauza vipuri wa Kisenyi. Mzee alirudi kwenye miteremko ya Kibuli, ambako sasa watu wanamfahamu, na hujenga peke yake, akiinama kulifuata kila jiwe.

Mvua za kwanza zilipopita, Benedicte alituma picha ya kaburi. Ile kona ilikuwa imesogea upana wa kidole. Mushagalusa aliitazama kwenye simu akiwa kazini, akaikuza, akaitazama tena, kisha akamwandikia aingize kabari mbili upande wa juu, zile bapa, na asizigonge kwa nguvu.